Uhuru wa Nchi na Haki ya Watu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wetu wa mwaka uliofanyika kwenye bwalo la shule. Imechapwa kama alivyoisoma.)



Nilipoandikiwa barua ya kuombwa nizungumze leo, niliambiwa nichague mwenyewe jambo la kusema, mradi nimalize kabla ya chakula cha mchana. Mimi nimekula katika bwalo hili miaka sita, najua maana ya sharti hilo. Harufu ya maharage ikishaanza kuingia kwa madirisha yale ya nyuma, hakuna msemaji anayesikilizwa, hata angekuwa Waziri. Kwa hiyo nitajitahidi.

Nataka kusema juu ya uhuru wa nchi, juu ya haki, na juu ya mambo ya dunia yalivyo sasa. Naeleza mapema kwamba haya ni maoni yangu mwenyewe. Mtumishi wa Serikali akisimama mahali kuzungumza, watu hudhani amekuja na maneno ya ofisini. Leo sikuja nayo. Ofisi yangu inajua niko hapa kwa fomu ya likizo tu.

Katika chumba cha Kidato cha Tatu palikuwa na ramani kubwa ya dunia, imepasuka pembe moja. Sijui kama ipo bado. Mwaka 1997 Mwalimu wetu wa Historia alikuwa akitufundisha jinsi nchi za Afrika zilivyopata uhuru, na kila nchi aliyoitaja alimwita mwanafunzi mmoja aende kuionyesha kwa fimbo. Mwenzetu mmoja, ambaye yuko hapa leo na naona ananitazama kwa wasiwasi, aliitwa aonyeshe Mauritius. Fimbo yake ikaikosa Mauritius, ikaenda kutua katikati ya Bahari ya Hindi, juu ya vidoti ambavyo nzi angeweza kuvifunika. Mwalimu akamwambia asome kilichoandikwa pale. Akasoma: Visiwa vya Chagos, na katika mabano, vya Uingereza.

Mmoja wetu akauliza, "Mwalimu, hawa bado hawajapata uhuru?" Mwalimu akajibu, "Hawajapata." "Kwa nini?" Mwalimu akasema, "Kwa sababu hawapo."

Tulicheka sana. Tulidhani ni mzaha wake, maana alikuwa na mizaha. Akafuta ubao, akaendelea na Ghana, kwa kuwa Chagos haikuwamo katika mtihani. Ilinichukua zaidi ya miaka 20 kulielewa jibu lile, na ndilo ninalotaka kuwaeleza.

Chagos ni visiwa vidogo vipatavyo 60, kusini ya Maldives. Kikubwa kuliko vyote ni Diego Garcia, nacho hakizidi kilomita za mraba 30. Havikuwa na watu mpaka Wafaransa, waliokuwa wakitawala Mauritius, walipopeleka watumwa huko mwishoni mwa karne ya 18 kulima minazi na kukausha mbata. Watumwa hao walitoka Madagaska na upande wetu huu wa Afrika, hasa Msumbiji. Msidhani nawapeleka mbali. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vile vya Wafaransa. Ni Kilwa hii hii yetu. Siwezi kusema kwamba babu wa Mchagosi fulani alitoka Kilwa. Lakini siwezi kumwona mtu huyo kuwa ni mgeni kwangu.

Kwa mkataba wa mwaka 1814 Mauritius na visiwa vyake vikawa mali ya Waingereza. Baadaye utumwa ukakomeshwa, lakini watu wakabaki pale pale, vizazi kwa vizazi, wakifanya kazi ile ile ya mbata. Walikuwa na kanisa, makaburi, bustani, punda, na mbwa wengi. Walikuwa na lugha yao, Kikrioli chao wenyewe. Mahali penye makaburi ya mababu na lugha yake, mimi napaita kwao watu.

Sasa twende mwaka 1965, na wanafunzi naomba mziandike tarehe hizi.

Wakati huo Marekani ilikuwa inatafuta kisiwa katika Bahari ya Hindi cha kuweka kambi ya kijeshi, na ilitaka kisiwa kisicho na watu wa kuuliza maswali. Uingereza nayo ilikuwa katika mazungumzo ya kuipa Mauritius uhuru. Tarehe 23 Septemba, 1965, huko London, Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, alikutana faraghani na kiongozi wa Mauritius, Seewoosagur Ramgoolam. Karatasi aliyoandaliwa Wilson na maofisa wake kabla ya mkutano huo ipo hadi leo. Ilimshauri amtie mgeni wake matumaini na hofu kwa pamoja: matumaini ya kupata uhuru, na hofu ya kuukosa kama hatakuwa na busara juu ya visiwa. Ramgoolam akakubali Chagos itengwe, kwa malipo ya pauni milioni 3. Tarehe 8 Novemba, 1965, visiwa vikamegwa na kufanywa koloni jipya. Miaka hiyo makoloni yalikuwa yanafungwa, Uingereza ikafungua jingine.

Ni rahisi kwetu kumlaumu Ramgoolam. Zamani mimi nilimlaumu. Lakini mfungwa akiulizwa na mwenye ufunguo kama yuko radhi kuacha viatu vyake ili afunguliwe mlango, naye akasema ndiyo, je, hiyo ni ridhaa? Mahakama ilikuja kulijibu swali hilo, na nitafika huko.

Siku tatu tu baada ya tarehe ile ya 8 Novemba, yaani tarehe 11 Novemba, 1965, walowezi wachache wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wao ili kuwazuia Waafrika wasitawale. Serikali ile ile ya Wilson ikasema haitatumia nguvu. Angalieni jambo hili. Kwa walowezi walioasi, nguvu haikupatikana. Kwa wakulima wa minazi ambao hawakumwasi mtu, ilipatikana.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliazimia kwamba Uingereza isipouzima uasi wa Smith, nchi wanachama zivunje nao uhusiano wa kibalozi. Tarehe 15 Desemba, 1965, Tanzania ikavunja. Nchi nyingi za Afrika zilizokuwa zimenyosha mkono kwenye azimio hazikuvunja. Sisi tulikuwa na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 uliokuwa njiani, na ukazuiwa. Kwa nchi yenye umri wa miaka 4, isiyo na barabara wala madaktari, hiyo haikuwa fedha ya kuchezea. Na kesho yake, tarehe 16 Desemba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kuitaka Uingereza isiimege Mauritius. Azimio hilo liliwekwa kwenye kabati.

Huwa najiuliza sisi wa leo tungefanyaje mwaka ule. Nimekaa katika vikao vingi, na najua swali la kwanza ambalo lingeulizwa mezani: "Tutapoteza kiasi gani?" Swali hilo si baya, mhasibu hana budi kuliuliza. Ila nimekaa pia katika vikao ambamo halikufuatwa na swali la pili.

Nirudi Chagos. Tarehe 30 Desemba, 1966, Uingereza na Marekani zilipatana juu ya Diego Garcia kwa muda wa miaka 50. Malipo yake yalikuwa ya siri: Uingereza ilipunguziwa dola milioni 14 katika gharama za makombora ya Polaris. Kilichobaki kilikuwa ni watu, kati ya 1,500 na 2,000.

Msidhani siku moja walikuja askari na bunduki. Kazi ilianza polepole. Mtu akienda Mauritius kwa matibabu, alipotaka kurudi aliambiwa hakuna meli, visiwa vimeuzwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa familia ya Olivier Bancoult mwaka 1968. Yeye alikuwa na miaka 4. Dada yake aliumizwa na mkokoteni, wakampeleka Mauritius, mtoto akafa, na familia haikurudi tena. Meli za chakula zikapunguzwa. Mwaka 1971 Diego Garcia ikaondolewa watu wote. Mbwa wao wakakusanywa ndani ya banda la kukaushia mbata na kuuawa kwa moshi wa magari. Mwaka 1973 wakaondolewa wa mwisho katika visiwa vya jirani, wakarundikwa ndani ya meli pamoja na shehena. Mmoja wao, Liseby Elysé, alikuwa na miaka 20 na mimba. Mtoto wake hakuishi.

Haya yote yalifanywa kwa karatasi kabla ya kufanywa kwa meli, na hapa ndipo habari hii inaponishika mimi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unamtaka mwenye koloni atoe taarifa juu ya watu anaowatawala. Kama hakuna watu, hakuna taarifa ya kutoa. Basi maofisa wa London wakakaa na kuandika kwamba Chagos haina wakazi wa kudumu, bali vibarua wa mkataba waliokwenda kuvuna nazi. Walijua si kweli. Ofisa mkubwa mmoja aliandika mwaka 1966, kwa kejeli, kwamba pale hapatakuwa na wenyeji ila ndege wa baharini. Mwaka 1970 mwanasheria wao aliandika waraka na kuipa sehemu yake kichwa cha habari kinachosema wazi kwamba ni kudumisha hadithi ya kubuni. Hawa hawakuwa majambazi. Walikuwa watu waliosoma vyuo vizuri, wenye mwandiko mzuri, waliofika kazini kwa wakati.

Ndugu zangu, mimi ni mtumishi wa Serikali. Mchana kutwa nashughulika na majalada. Nataka kuwaambia jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu wengi kama hivi.

Mwaka 2008, nikiwa kijana katika ofisi ya wilaya fulani, niliagizwa niandike dokezo sabili kuhusu eneo lililoombwa kwa ajili ya shamba kubwa. Mkuu wangu alilitaka kabla ya saa tisa. Gari halikuwapo, mvua ilikuwa inanyesha. Nikachukua taarifa ya zamani iliyokuwamo katika jalada, nikainakili. Nikaandika kwamba eneo hilo halina wakazi wa kudumu, na kwamba waliopo ni wapiga kambi wa msimu. Nikatia sahihi, nikaenda kunywa chai. Mkuu wangu alilisifu dokezo lile kwa sababu lilikuwa fupi.

Baada ya wiki saba hivi nilitumwa huko kusimamia upimaji. Nikakuta kaya 43. Nikakuta makaburi yaliyopangwa mawe, mengine yamezama nusu kwa uzee. Nikakuta miembe ambayo watu wawili wakishikana mikono hawaizunguki. Mzee mmoja akanipokea vizuri, akaniketisha chini ya mwembe mmojawapo, akaleta maji. Alikwisha kuzisikia habari za lile neno "wapiga kambi", ingawa hakujua ni nani aliyeliandika. Akaniuliza, bila ukali wowote, "Mwanangu, wewe umesoma. Mpita njia hupanda mwembe?"

Nikamjibu kwamba nitalifikisha ofisini. Sikumwambia kwamba ni mimi.

Niliporudi niliandika dokezo la pili la kusahihisha lile la kwanza. Nikaambiwa jalada limekwisha kupanda juu, na kwamba ofisa anayejipinga mwenyewe kwa maandishi hafiki mbali. Nililiacha hapo. Wale watu waliondolewa mwaka uliofuata. Wengine walilipwa fidia ya mazao. Makaburi hayakuwa na fungu katika jedwali la fidia. Mzee yule alifariki kabla sijapata ujasiri wa kurudi kumwambia.

Mwaka 2019, usiku mmoja nyumbani, nilikuwa nasoma maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki juu ya Chagos, na nikafika mahali panapoelezwa madai ya kwamba visiwa vile havikuwa na wakazi wa kudumu. Nikaitambua sentensi yangu. Maofisa wa London hawakunifundisha kuiandika. Niliifikia peke yangu, katika nchi huru, chini ya bendera yetu wenyewe.

Kwa sababu hiyo siwezi kuja hapa kuwasimulia ubaya wa mabeberu peke yake. Ubaya wao upo, nami nimeutaja. Lakini uhuru wa nchi ni jambo moja, na haki ya watu waliomo ndani yake ni jambo jingine, na la kwanza halileti la pili kwa kutembea lenyewe.

Tuje kwenye kesi, maana ina mafunzo mengine. Waliofukuzwa walikaa katika mabanda ya Port Louis na huko Shelisheli, wengi wakiwa hawana kazi. Fidia ya pauni 650,000 iliyopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwafikia karibu mwisho wa miaka hiyo. Ile ya pauni milioni 4 ya mwaka 1982 ilikuja na fomu za kuacha madai yao, zilizoandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, na wengi waliweka dole gumba bila kujua kilichomo. Yule mtoto Olivier Bancoult alikua, akawa fundi umeme, akafungua kesi London. Tarehe 3 Novemba, 2000, Mahakama Kuu ya Uingereza ikampa ushindi. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa nini? Ni zile karatasi za maofisa. Walizitunza vizuri katika nyaraka za taifa lao, na miaka 30 ilipopita zikafunguliwa zisomwe. Nawaambia vijana mtakaoingia kazini: karatasi mbaya haiozi.

Ushindi huo ulinyang'anywa. Mwaka 2004 Serikali ya Uingereza ilitumia amri ya Malkia, bila kupitia Bunge, kuwazuia tena. Mwaka 2008 majaji wa juu kabisa wakaikubali amri hiyo, watatu dhidi ya wawili. Mwaka 2010 ikatangazwa hifadhi ya samaki kuzunguka visiwa, na mwaka 2015 mahakama ya usuluhishi ikaamua kwamba hifadhi hiyo ilivunja sheria ya bahari. Kazi ilikuwa hiyo ya kwenda na kurudi.

Ndipo Mauritius ikageukia Umoja wa Mataifa. Mwaka 2017 nchi 94 zilipiga kura ya kuomba maoni ya Mahakama ya Kimataifa, 15 zikakataa. Umoja wa Afrika ulikwenda The Hague kusema, Kenya ikasema, Zambia ikasema, Botswana ikasema. Liseby Elysé naye alisikilizwa, mwaka 2018, kwa Kikrioli chake, kwa njia ya filamu, kwa kuwa hajui kusoma wala kuandika. Rais wa Mahakama wakati huo alikuwa Msomali, Jaji Abdulqawi Ahmed Yusuf. Tarehe 25 Februari, 2019, majaji 13 dhidi ya mmoja walisema kwamba uhuru wa Mauritius haukukamilishwa kisheria mwaka 1968, na kwamba Uingereza haina budi kuondoka Chagos upesi iwezekanavyo. Na juu ya ridhaa ya Ramgoolam walisema haikuwa ridhaa ya kweli na ya hiari, maana aliyekubali alikuwa chini ya mamlaka ya aliyemwomba akubali. Hilo ndilo jibu la habari ya mfungwa na viatu. Miezi mitatu baadaye, katika Baraza Kuu, nchi 116 ziliunga mkono na 6 tu zikapinga.

Asubuhi tulipokuwa tunakunywa chai, ndugu mmoja wa mwaka wangu aliniambia: "Maoni ya mahakama hayana askari. Manowari ziko pale pale." Anasema kweli. Ndege za Marekani ziliondoka Diego Garcia kwenda kupiga Iraki mwaka 1991, Afghanistani mwaka 2001, na Iraki tena mwaka 2003. Lakini nataka afikiri pia kwamba tarehe 22 Mei, 2025, Uingereza ilitia sahihi mkataba wa kukubali kwamba Chagos yote ni ya Mauritius, na kuikodi Diego Garcia kwa miaka 99 kwa malipo ya wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Kutia sahihi si kutekeleza, na tangu siku ile yamesemwa mengi London na Washington ya kuupinga. Hata hivyo kisiwa kidogo cha watu wasiozidi milioni moja na nusu kiliilazimisha dola kubwa kukaa mezani, nacho hakikuwa na bunduki. Kilikuwa na karatasi, marafiki, na miaka 50 ya kung'ang'ania.

Mtaniuliza, je, Wachagosi wamerudi kwao? Mkataba unairuhusu Mauritius kuwarudisha watu katika visiwa vingine, lakini si Diego Garcia, na Diego Garcia ndiko walikotoka wengi. Wapo wanaoufurahia mkataba, Bancoult akiwa mmoja wao. Wapo wanaoulaani, hasa wanaoishi Uingereza katika mji wa Crawley, wanaosema Serikali mbili zimegawana nyumba yao bila kuwauliza. Siku ile ile ya kutia sahihi, wanawake wawili wenye asili ya Chagos walikwenda mahakamani London kabla ya mapambazuko kuomba izuiwe. Wakapata zuio kwa saa chache tu, likaondolewa. Mimi niko upande wa Mauritius juu ya mipaka. Juu ya watu, siko upande wa Serikali yoyote kati ya hizo. Mjumbe wa kaya zile 43 angewaelewa wanawake wale mara moja.

Niseme kidogo juu ya dunia kwa jumla, nisije nikaambiwa nimekwepa. Marekani na Uingereza zilipiga kura dhidi ya Mauritius mwaka 2019, na mwaka 2022 zikatuambia kwamba mipaka ya nchi haiguswi kwa nguvu. Walilosema mwaka 2022 lilikuwa kweli. Urusi haikuwa na haki ya kuingia Ukraine, kama Uingereza isivyokuwa na haki ya kuimega Mauritius. Tarehe 21 Februari, 2022, balozi wa Kenya katika Baraza la Usalama, Martin Kimani, alieleza kwamba sisi Waafrika mipaka yetu tuliwekewa na wakoloni, na tukachagua kuishi nayo kuliko kupigana. Nilijivunia jirani siku ile. Siku chache baadaye Baraza Kuu lilipopiga kura, nchi 141 zilisema ndiyo, 5 hapana, na 35 hazikusema lolote. Nchi yetu ilikuwa katika hizo 35. Siasa ya kutofungamana ni ya zamani kwetu, naiheshimu, na wakubwa wana sababu zao. Lakini mwaka 1965 hatukukaa kimya, na kutofungamana kulikuwapo. Kadhalika Wapalestina: tarehe 19 Julai, 2024, Mahakama ile ile ilitumia haki ile ile ya watu kujiamulia mambo yao, na wengine walioishangilia Mahakama juu ya Urusi wakaziba masikio. Nchi ndogo kama yetu haina manowari. Kama nasi tutaichagua sheria siku zinazotufaa tu, sijui siku yetu ikifika tutamwita nani.

Naona wapishi wanachungulia mlangoni. Namalizia.

Nilipopanda cheo na kuwa na maofisa chini yangu, niliweka utaratibu mmoja ofisini. Dokezo lolote linalosema mahali fulani hapana watu halipokelewi mpaka aliyeliandika aeleze alikwenda lini, na kwa usafiri gani. Vijana wangu wananung'unika. Wanasema nawachelewesha, na wakati mwingine ni kweli. Mmoja aliniuliza kama nina ugomvi na masijala.

Kwa maktaba ya shule nimeleta nakala mbili za maoni ya Mahakama juu ya Chagos, pamoja na muhtasari wa kurasa 12 nilioufanya mwenyewe kwa Kiswahili, ili Kidato cha Tatu waweze kuusoma. Nimeleta na ramani mpya ya dunia, maana nimeambiwa ile ya zamani pembe ya pili nayo imepasuka. Mwalimu wa maktaba ameniambia rafu zimejaa. Ndugu zangu wa mwaka 2001 tumekubaliana tutachanga ya rafu pia, na mweka hazina wetu amesimama pale karibu na mlango na daftari lake, kwa hiyo asitoke mtu.